"Iko Ndani" Si Kufuli!

Nimechoka na jibu hili: "Haina shida, iko ndani." Muulize fundi wa kompyuta kwa nini Redis yao haina nenosiri, ndilo atakalokupa, tena kwa kujiamini. Iko ndani. Ndani ya wapi jamani?

Kwa wasiokuwemo kwenye mambo haya: Redis ni ghala la data linalokaa kwenye memori ya kompyuta badala ya diski, ndiyo maana lina kasi ya ajabu. Lilianzishwa mwaka 2009 na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo. Programu nyingi huweka humo vitu vya haraka haraka: nani ameingia kwenye akaunti yake, ile namba ya siri ya mara moja unayotumiwa kwenye simu, foleni ya ujumbe unaosubiri kutumwa. Kwa hiyo anayeweza kusoma Redis ya kampuni hana haja ya kuiba nenosiri lako. Anachukua kitambulisho cha kikao chako, anaingia kama wewe!

Haya. Siku hizi kila kitu ni kontena na Kubernetes. Mtu anaokota faili la YAML mtandaoni, ananakili, anabandika, anatoa amri moja, dakika mbili Redis iko hewani. Bosi anafurahi, makofi.

Redis yenyewe ilijaribu kutusaidia. Toleo la 3.2, mwaka 2016, lilikuja na kinga: kama hujaweka nenosiri wala kutaja anwani za kusikiliza, linakataa kila anayetoka nje ya kompyuta ile ile. Lakini imeji rasmi ya Redis iliyoko Docker Hub imeizima kinga hiyo, makusudi kabisa, ili kontena ziongee kwa urahisi. Wameandika wazi kwenye maelezo yake. Nani anasoma maelezo?

Sasa njoo kwenye klasta. Usipogusa kitu, Kubernetes inaruhusu kila podi kuongea na kila podi nyingine. Kugawa klasta kwa majina, huku "majaribio", kule "malipo", hakujengi ukuta wowote. Ukuta ni sera ya mtandao unayoiandika mwenyewe. Na hata ukiiandika, kama mfumo wa mtandao wa klasta yako hauwezi kuitekeleza, Kubernetes itaipokea kimya kimya na hakuna kitakachozuiwa. Hili la mwisho wengi hawalijui, na linanikera kuliko yote.

Ni sawa na nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi. Mlango mkubwa una kufuli, basi wewe chumba chako unakiacha wazi na pesa ziko juu ya kitanda. Akiingia mgeni mbaya wa jirani yako je? Kitovuti kimoja cha matangazo, kimejaa matundu, kiko klasta moja na ghala lenu. Kikivamiwa, mvamizi naye sasa "yuko ndani".

Oktoba 2025 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina RediShell, ikapata alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Ilikuwa imejificha ndani ya Redis kwa takriban miaka 13. Mshambuliaji hutuma hati ya Lua, kisha anaweza kuendesha amri zake kwenye seva. Kampuni ya Wiz iliyoigundua ilihesabu Redis kama 330,000 zilizokuwa wazi kwenye intaneti, na kama 60,000 kati yake hazikuwa na nenosiri. Hitilafu hiyo humtaka mshambuliaji awe ameruhusiwa kuingia kwanza. Pasipo na nenosiri, nani hajaruhusiwa?

Wataniambia nenosiri ni usumbufu. Usumbufu gani? Ni mstari mmoja wa usanidi, na tangu toleo la 6 la mwaka 2020 unaweza hata kumpa kila mtumiaji ruhusa zake. (Na msiniambie mmeliweka kwenye Secret ya Kubernetes mkadhani limefichwa. Base64 haifichi kitu.) Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022. Mtamweleza nini mteja, kwamba ilikuwa ndani?

Unabisha? Kesho ingia kwenye podi yoyote isiyohusika na Redis yenu, andika redis-cli -h likifuatiwa na jina la huduma, kisha ping. Ikijibu PONG, mlango uko wazi. Ikijibu NOAUTH, nitakuomba radhi.