KONA YA MWALIMU: Papa, uliza kwanza ndipo utie sahihi

Wazazi na ndugu wapendwa,

Mwezi huu wazazi kadhaa wameniuliza jambo moja: "Mwalimu, ni kweli kuna vyuo Marekani vinavyoweza kumsomesha mtoto wa mkimbizi bila sisi kulipa?" Ndiyo, vipo, ingawa ni vichache na kuingia ni kazi ngumu. Lakini kuna karatasi moja inayokuja na vyuo hivyo, na hiyo ndiyo nataka tuizungumze leo.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilishuka Bujumbura pamoja na binti mmoja wa darasa langu na baba yake. Tukakaa kwenye duka la kompyuta kule Buyenzi, tukafungua fomu. Binti alikuwa na haraka. Alisikia kwa wenzake kwamba anayeomba mapema anapata kirahisi. Tulipofika mahali pa sahihi, papa akaniuliza: "Mwalimu, hii karatasi inasema nini? Maana tangu tuvuke Rusizi nimetia sahihi karatasi nyingi, na nyingi sikujua zinasema nini."

Niliona aibu kidogo. Hata mimi nilikuwa sijaisoma mpaka mwisho. Basi tukaisoma polepole, mstari kwa mstari, na hivi ndivyo tulivyoelewa.

Vyuo tunavyosema ni vidogo. Chuo cha Amherst katika jimbo la Massachusetts, au Bowdoin katika jimbo la Maine, kina wanafunzi wasiofika hata 2,000. Mtoto anasoma miaka 4, anaonja masomo mengi kwanza, halafu anachagua somo lake kubwa. Maprofesa wenyewe ndio wanaofundisha. Kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi kutoka dunia nzima, wengi wanakataliwa, hata wenye alama nzuri sana.

Kuna njia mbili za kuomba. Njia ya kawaida, fomu inafungwa karibu mwanzo wa mwezi wa kwanza, majibu yanatoka mwishoni mwa mwezi wa tatu. Unaweza kuomba vyuo vingi, halafu ukalinganisha majibu mpaka tarehe 1 mwezi wa tano. Njia ya pili kwenye fomu imeandikwa Early Decision. Hapa tuiite ombi la mapema lenye ahadi. Kwa kawaida inafungwa tarehe 1 au 15 mwezi wa kumi na moja, na jibu linatoka katikati ya mwezi wa kumi na mbili.

Tofauti yake nilimweleza papa kwa mfano wa posa. Njia ya kawaida ni kama kupiga hodi nyumba saba ili kuona wapi watakukaribisha. Ombi la mapema ni kupeleka posa nyumba moja tu na kusema mbele ya wazee: mkinikubali, sitaenda kwingine. Wakikubali, unaondoa maombi yako yote ya vyuo vingine. Ndiyo maana wanataka sahihi tatu: ya mtoto, ya mzazi, na ya mwalimu wake. Ile ya tatu ilikuwa yangu. Msichanganye na nyingine iitwayo Early Action. Hiyo nayo ni ya mapema, lakini haina ahadi ya kukufunga.

Je, ni kweli anayeomba mapema anapata kirahisi? Ukitazama hesabu za vyuo vingi, wanaokubaliwa mapema ni wengi zaidi kwa kila mia. Lakini ndani ya hesabu hiyo wamo wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na watoto wa familia zinazoweza kulipa zote bila kuomba msaada. Mtoto wetu hayuko katika foleni hiyo. Yeye anahesabiwa kama mgeni anayehitaji pesa, na vyuo vingi vinaangalia kwanza kama vina pesa za kumtosha. Vichache tu havifanyi hivyo. Amherst ni kimojawapo, na Bowdoin iliamua hivyo mwaka 2022. Hivyo viwili vinachagua mtoto bila kutazama mfuko wa mzazi, halafu vinajaza pengo lote kwa msaada ambao siyo deni.

Papa akauliza tena: "Na wakimkubali, halafu pesa haitoshi, nimefungwa?" Hapana. Kama msaada wao hauwezeshi mtoto kusoma, unawaandikia na wanakufungulia. Lakini mwezi wa kumi na mbili huna jibu la chuo kingine mkononi la kulinganisha. Na chuo ndicho kinachopiga hesabu ya kile unachohitaji, siyo wewe.

Tena kuna pesa ambazo huenda hazimo katika hesabu ile. Ada ya kuandikishwa kama mwanafunzi wa kigeni ni dola 350 tangu mwaka 2019. Ada ya viza iliwekwa dola 185 mwaka 2023. Hizo ni dola 535, na tiketi ya ndege bado. Mtoto wa mkimbizi anahitaji pia hati ya kusafiria, na kwa hapa Burundi mlango wa kugonga ni ONPRA.

Viza yenyewe ni mlima mwingine. Sheria yao inataka mwanafunzi aonyeshe kwamba atarudi baada ya masomo, na kwa mkimbizi swali hilo ni zito. Mwezi wa sita 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Kongo ya Brazzaville ilikuwa katika orodha ile, Kongo yetu ya Kinshasa haikuwemo. Orodha kama hizo hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuanza. Barua ya chuo siyo viza.

Siku ile hatukutia sahihi. Tuliandikia chuo maswali yetu, na tarehe 15 ilipita kabla hatujapata jibu la kutosha. Binti alinuna, wiki nzima hakunisalimia vizuri. Mwezi wa kwanza akaomba njia ya kawaida, vyuo vinne. Vitatu vilimkataa. Cha nne kilimkubali, lakini msaada ulikuwa kama nusu tu. Akaandika barua ya heshima ya kukataa. Alilia, nami nililia. Lakini alikuwa amebaki na njia nyingine. Alifanya Exetat, na sasa anaandaa maombi ya DAFI, ile bursi ya UNHCR na serikali ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1992, inayosomesha mkimbizi katika nchi aliyokimbilia. Mwezi wa kumi na moja ataamua tena kama atoe ahadi. Safari hii maswali tumeyatuma mapema.

Wazazi, kabla ya kutia sahihi, muulizeni mwalimu maswali haya manne:

1. Hiki ndicho chuo ambacho mtoto angekichagua hata kama vyote vingemkubali?
2. Msaada unafikia chakula, malazi, bima na tiketi ya ndege?
3. Kama viza ikichelewa, watamwekea nafasi mwaka unaofuata?
4. Ada ya kuomba imesamehewa? Vyuo vingi vinawasamehe wasio na uwezo. Mtu akikudai pesa ili "akupitishie" fomu, ondoka hapo.

Kama mwalimu hajui, msione aibu, na yeye asione aibu. Mwandikieni chuo pamoja, mngoje jibu. Jumamosi mchana nitakuwa darasani kama kawaida. Leteni buletini za mtoto na karatasi yoyote msiyoielewa, tutaisoma pamoja.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu