Wimbo wa kantri umevuma dunia nzima, lakini hela anakula nani?

Mwaka 2024, kijana wa Virginia mwenye wazazi kutoka Nigeria alikaa namba moja kwenye chati kuu ya Billboard kwa wiki 19. Jina lake ni Collins Obinna Chibueze, ila mashabiki wanamjua kama Shaboozey. Wimbo wenyewe, A Bar Song (Tipsy), ni kantri ya kawaida kabisa: gitaa, pombe, na mtu aliyechoshwa na kazi na bili.

Wiki 19 si mchezo. Zililingana na rekodi ya Old Town Road ya Lil Nas X, wimbo ambao mwaka 2019 Billboard iliuondoa kwenye chati ya kantri kwa madai kwamba hauna kantri ya kutosha.

Miezi michache kabla, Beyoncé alikuwa ametoa Cowboy Carter. Februari 2025 albamu hiyo ikabeba Grammy ya albamu bora ya mwaka na ile ya albamu bora ya kantri.

Basi kila kona ya mtandao ikawa ni hadithi moja: mlango wa kantri umefunguka, anayetaka aingie. Kwa vijana wenye gitaa, wawe Lagos, Eldoret au Atlanta, habari hiyo ni tamu. Shida ni kwamba kuingia ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine.

Mlango uko wazi, bawabu bado yupo

Tuanze na huyo huyo Shaboozey. Wengi walimsikia kwa mara ya kwanza 2024 wakadhani ametoboa kwa usiku mmoja. Ukweli ni kwamba alikuwa anatoa nyimbo tangu karibu 2014, na albamu yake ya kwanza, Lady Wrangler, ilitoka 2018. Miaka 10 ya kusota. Beyoncé alipomwita kwenye Cowboy Carter, nyimbo zake zilikuwa tayari, na A Bar Song ikatoka wiki chache tu baadaye watu wakiwa bado wanauliza huyu ni nani.

Bahati ilikuwepo, ndiyo. Lakini ilimkuta akiwa na mzigo mkononi.

Na hata baada ya hapo, Novemba 2024 kwenye tuzo za CMA, ambazo ndizo tuzo kubwa za Nashville, aliondoka mikono mitupu. Zaidi ya hapo, watangazaji wa usiku ule walilifanyia jina lake utani mara kadhaa jukwaani. Beyoncé hakuteuliwa hata kwenye kipengele kimoja. Watu milioni kadhaa wanakusikiliza, ila wenye nyumba hawajaamua kama wewe ni mgeni au ni ndugu.

Hilo si geni. Charley Pride, mwanamuziki mweusi aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa kantri, alipoanza miaka ya 1960 lebo yake ilisambaza rekodi zake za mwanzo kwenye vituo vya redio bila picha. Watangazaji waupende wimbo kwanza, sura baadaye. Mwaka 1971 CMA ilimtangaza mtumbuizaji bora wa mwaka.

Wanawake nao wana yao. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa vituo vya redio alisema hadharani kwamba wanawake ni nyanya kwenye saladi ya kantri: wanaume ndio majani, nyanya unatupia chache. Kauli ile ilizua moto, lakini mtu yule alikuwa anasema tu kwa sauti kile ambacho wapanga nyimbo walikuwa wakikifanya kimyakimya. Kacey Musgraves alishinda Grammy ya albamu bora ya mwaka 2019 kwa Golden Hour huku redio za kantri zikimpiga kwa nadra sana.

Hela iko kwa mtunzi, si kwa mwimbaji peke yake

Hapa ndipo wengi wanapotea njia. Marekani ina sheria ya ajabu kidogo: wimbo ukipigwa kwenye redio ya kawaida ya AM au FM, analipwa mtunzi na kampuni inayosimamia haki za utunzi. Mwimbaji halipwi hata senti. Kwa miaka mingi kumekuwa na miswada ya kubadilisha hilo, na vituo vya redio vimepambana nayo kwa hoja kwamba vinamtangaza msanii bure.

Sasa kantri ndio muziki unaotegemea redio kuliko karibu aina nyingine yoyote ya muziki Marekani. Wimbo mmoja unaweza kupanda chati ya redio polepole kwa miezi mingi, wakati mwingine karibu mwaka mzima. Kipindi chote hicho mwimbaji anazunguka kutoka kituo hadi kituo, anapiga gitaa mbele ya wafanyakazi kwenye chumba cha mikutano, anapeana mikono, anapiga picha. Lebo inalipia safari hiyo, lakini mara nyingi gharama zinaandikwa kwenye deni lake. Mtunzi yuko nyumbani anasubiri hundi.

Ushahidi mzuri ni Fast Car. Tracy Chapman aliutunga peke yake na kuutoa 1988. Mwaka 2023 Luke Combs akaurudia kwa mtindo wa kantri na ukashika namba moja kwenye chati ya redio za kantri. Chapman hakuzunguka kituo chochote. Novemba mwaka huo CMA ikampa tuzo ya wimbo bora wa mwaka, ambayo ni tuzo ya mtunzi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Miaka 35 baadaye!

Dolly Parton alilielewa hili mapema mno. Alihamia Nashville 1964, siku moja baada ya kumaliza sekondari. Alipotunga I Will Always Love You, Elvis Presley alitaka kuuimba, lakini meneja wa Elvis akasema sharti wapewe nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa. Amesimulia mwenyewe kwamba alilia usiku kucha. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba kwenye filamu ya The Bodyguard, na haki zote zikawa bado ziko mkononi mwa Dolly. Nusu ile aliyoinyima ndiyo pengine dili bora kuliko zote alizowahi kuzikataa.

Kazi inaanza saa tano asubuhi

Nashville kuna mitaa inaitwa Music Row. Watu wanadhani ni mitaa ya starehe. Hapana, ni ya ofisi. Watunzi wanakutana asubuhi, wawili au watatu chumbani, wakiwa na gitaa, kahawa na simu ya kurekodia. Kufikia mchana wimbo umekwisha. Kesho yake wanakutana na wengine, tena na tena, mwaka mzima. Nyingi ya nyimbo hizo hazitarekodiwa na mtu yeyote.

Desturi yao moja inafaa kuigwa: aliyekuwemo chumbani wimbo ulipotungwa anapata mgao sawa. Hata kama alitoa mstari mmoja tu. Hawapimi maneno ya nani ni mengi, kwa sababu wakianza kupimana hakuna atakayerudi kesho. Kwenye studio nyingi za Nairobi na Dar es Salaam suala la nani ana asilimia ngapi huibuka wimbo ukishavuma, na hapo ndipo urafiki unapokufa.

Mtunzi mwenye mkataba hupewa kiasi cha kujikimu kila mwezi na kampuni ya haki za utunzi. Inaonekana kama mshahara, lakini ni mkopo. Nyimbo zikianza kuingiza, kampuni inajirudishia hela yake kwanza.

Chris Stapleton aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 10. Alifika Nashville 2001, akaandika nyimbo zilizoimbwa na wakubwa kama Kenny Chesney na George Strait. Wenye mji walimjua. Mtu wa kawaida hakumjua. Albamu yake Traveller ilitoka 2015, na Novemba mwaka huo akapanda jukwaa la CMA pamoja na Justin Timberlake na kuondoka na tuzo tatu, ikiwemo ya msanii mpya. Msanii mpya mwenye ndevu ndefu na miaka 37.

Pia kuna Bluebird Cafe, ukumbi mdogo wenye viti kama 90 ulio kwenye safu ya maduka, wazi tangu 1982. Humo watunzi hukaa duara katikati ya wateja na kuimba kwa zamu. Garth Brooks alikuwa amekataliwa na lebo zote mjini, ikiwemo Capitol. Alipoimba Bluebird mwaka 1988, mtu wa Capitol aliyekuwepo alibadilisha mawazo papo hapo.

Hesabu imebadilika

Lakini ngazi hiyo aliyopanda Stapleton imeng'oka vipandio.

Enzi za CD, sheria ya Marekani ilimpa mtunzi senti 9.1 kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa (kiwango kilipanda hadi senti 12 mwaka 2023). Albamu ikiuza nakala milioni moja, kila wimbo ndani yake ulizalisha dola 91,000. Wimbo wa kwanza na wimbo wa tisa vililipwa sawa, hata kama huo wa tisa hakuna aliyeusikiliza mara mbili. Watunzi wakiwa watatu, na kila mmoja akigawana nusu kwa nusu na kampuni yake, mtu anabaki na kama dola 15,000. Nyimbo mbili tatu za namna hiyo kwa mwaka, mtu analipa kodi ya nyumba.

Sasa watu wanasikiliza mtandaoni. Wimbo usiosikilizwa haulipi, na ule unaosikilizwa unalipa sehemu ndogo ya senti kila mara. Wimbo wa tisa umekufa kibiashara. Wanaobaki hai ni wenye hiti kubwa na wale wanaoimba nyimbo zao wenyewe.

Ndiyo maana nyota wapya hawapiti tena njia ya zamani. Zach Bryan alikuwa mwanajeshi wa majini, akajirekodi kwa simu na kuweka mtandaoni. Mwaka 2022 albamu yake American Heartbreak ilitoka na nyimbo 34. Oliver Anthony aliingia namba moja Agosti 2023 na Rich Men North of Richmond bila kuwahi kuonekana kwenye chati yoyote kabla. Shaboozey mwenyewe yuko na EMPIRE, kampuni huru, si moja ya lebo tatu kubwa.

Hata hivyo hiti yake ina wenzake wa kugawana. A Bar Song imejengwa juu ya Tipsy, wimbo wa J-Kwon wa 2004, kwa hiyo watunzi wa ule wa zamani wanahesabiwa kama watunzi wa huu mpya. Ukiazima kiitikio cha mtu, umeazima na mkono wake mfukoni mwako.

Halafu kuna mashine. Novemba 2025, Walk My Walk, wimbo wa Breaking Rust, "msanii" aliyetengenezwa na akili mnemba, ulishika namba moja kwenye chati ya Billboard ya mauzo ya kidijitali ya kantri. Chati hiyo ni ndogo, kwani siku hizi wachache wananunua nyimbo, na manunuzi elfu chache yanatosha kuipanda. Lakini ujumbe ulifika. Jimbo la Tennessee lilishapitisha sheria, iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, inayolinda sauti ya msanii isiigizwe na mashine. Sauti ina ulinzi. Yule mtunzi wa saa tano asubuhi hana sheria ya namna hiyo.

Na huku kwetu?

Kantri si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, nyota wa kantri aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi Bonde la Ufa. Tangu hapo Jim Reeves, Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams wamekuwa kama wajomba na shangazi katika nyumba nyingi za Kenya.

Soko lipo. Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, amejijengea jina kwa kuimba kantri Nairobi, na nyuma yake wapo wengine wanaojaza baa na hoteli wikendi. Tatizo ni aina ya nyimbo. Mteja anataka za zamani anazozijua, na mwimbaji anayeishi kwa kurudia nyimbo za Kenny Rogers analipwa kwa usiku aliofanya kazi. Akiugua wiki mbili, hakuna kinachoingia. Video yake ya wimbo wa mtu ikivuma YouTube, mwenye wimbo ana haki ya kudai mapato.

Wapo wanaotunga za kwao, na baadhi wamezisajili kwenye vyama vya hakimiliki. Ila mwenye baa akimpigia simu Alhamisi jioni, swali lake la kwanza bado ni kama anaijua Coward of the County.