Bibi Harusi, Soma Riwaya ya Mapenzi Kabla Hujaulizwa



Leo nakuandikieni kutoka Katoro, Geita, siyo kutoka nyumbani Unguja. Wengi wenu mnajua mume wangu ana biashara huku, na mimi nina kiduka changu cha mabaibui, khanga na vitenge. Huku vumbi ni jekundu, kila mtu ana habari ya dhahabu ya kukuhadithia, na harusi zinakwenda na machimbo. Duara likitoa, wiki ileile utasikia ngoma.

Nina binti ananisaidia dukani. Ana miaka kumi na tisa, Muislamu, kwao Kahama. Skuli aliishia darasa la saba, kusoma anasoma ila polepole. Mchana biashara ikilala, mimi husoma kitabu kwa sauti na yeye anakunja nguo. Mwezi uliopita tulianza *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi. Tulipofika pale Yasmin, msichana mdogo kabisa, anaposhaozwa kwa Bwana Raza aliye sawa na baba yake, binti aliweka chini baibui alilokuwa analikunja.

"Anti," akaniambia, "huyu Yasmin aliulizwa?"

"Aliulizwa nini?"

"Kama anamtaka."

Nikamwambia tuendelee tutaona. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa najua kinachoendelea kwao. Ameposwa na mnunuzi wa dhahabu, mtu mzima, ana nyumba Kahama na mahari yake haina maneno. Baba ameshakubali, na yeye hajaulizwa.

Sasa nataka kusema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Nasema riwaya za mapenzi, zile zenye mwanamke anayejua anachokitaka, ni kitu kizuri kwa msichana wa Kiislamu anayekaribia kuolewa. Tena usisome kwa kujificha chini ya mto, soma waziwazi. Na kama macho yamechoka au kusoma ni tabu, sikiliza.

Naanza na nafsi yangu. Siku ya nikaha yangu nilikuwa nimekaa ndani, nimepambwa, hina imenikolea mpaka vifundoni. Akaja walii wangu kuniuliza. Nikanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele, mambo yakaisha. Alhamdulillah, mume wangu ni mtu mwema na wala sijuti. Lakini wallahi, kile kimya changu hakikuwa ndiyo wala hapana. Sikuwa na jibu, kwa sababu maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nataka nini. Somo wangu alinifunza singo, udi, na namna ya kumpokea mume. Namna ya kujibu lile swali hakunifunza.

Dini yetu imelipa swali hili uzito mkubwa. Sote tumesikia kwamba kimya cha bikira ndiyo idhini yake. Tunasahau kwamba kabla ya kimya lazima pawe na swali, na aliyenyamaza awe anajua kwamba akisema hapana atasikilizwa. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Khansa binti Khidham, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza kwa mtu asiyemtaka. Akaenda kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, na ndoa ile ikavunjwa. Na kwa Abu Daud imo habari ya msichana bikira aliyeozwa naye hataki, Mtume akampa khiyari.

Yupo na Barira. Alipoachwa huru kutoka utumwani, aliamua hamtaki tena mumewe Mughith. Maskini Mughith alikuwa akimfuata njiani Madina huku analia. Mtume akamuombea kwa Barira arudi. Barira akauliza, je, ni amri? Akaambiwa la, ni maombezi tu. Basi akajibu kwamba hana haja naye. Hebu ifikiri habari hiyo, shoga yangu. Ina mapenzi, ina machozi, na ina mwanamke mwenye msimamo ambaye Mtume mwenyewe hakumlazimisha. Nani basi anasema hadithi za namna hii ni za kizungu?

Nilipo hapa, jambo hili si la vitabuni tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, kabla mikoa ya huku haijagawanywa upya mwaka 2012, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huku bara iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Umri wa kuolewa, basi, umesemwa mpaka mahakamani. Ridhaa inabaki kusemwa majumbani kwetu.

Wasukuma nao wana mila inaitwa chagulaga. Vijana wanamfuata msichana, wanamzunguka, wanamwambia achague mmoja wao. Jina lenyewe linatokana na kuchagua. Lakini mtu aliyezungukwa na vijana kumi gizani, akaambiwa achague, anaweza kusema hamtaki hata mmoja? Msiwacheke Wasukuma, maana na sisi wa visiwani tuna chagulaga yetu. Tunamweka mtoto chumbani, wanawake arubaini wamemzunguka, pilau limeshapikwa, wageni wameshafika, ndipo tunamuuliza kama ameridhika.

Hapo ndipo riwaya inapoingia. Msichana anayesoma habari ya Yasmin anapata mahali pa kujiuliza mapema, kabla pilau halijapikwa. Anamuona mwenzake anamkimbia mume asiyemtaka, wazazi wanamkataa, anapokewa na Mwajuma wa Ng'ambo, anampenda Denge aliyezama kwenye siasa za kupinga ukoloni. Anaona mapenzi yana raha na yana gharama. Anaona vilevile kwamba mwanamke mwenye msimamo anaweza kukosea, akalipia, akasimama tena. Haya yote anajifunza bila ya yeye mwenyewe kutoka nje ya mlango.

Najua mtakachoniambia. Mtasema Yasmin anafanya mambo ya haramu. Kweli, anafanya. Sisomi ili nimuige. Hata kisa cha Nabii Yusuf katika Qur'ani kina mwanamke aliyefunga milango kwa nia mbaya, na Mwenyezi Mungu amekiita kisa hicho katika visa vilivyo vizuri kabisa. Tunakisoma, tunajua baya lipi na zuri lipi. Ukifika ukurasa unaokuchafua moyo, ruka. Mimi naruka, na binti wangu dukani ameshajua. Nikinyamaza ghafla nikafunua kurasa mbili, anacheka.

Wengine husema riwaya zinamfanya mke atake mume wa kwenye hadithi, kisha wa nyumbani anaonekana hana maana. Hili nalikubali kiasi. Zipo simulizi, hasa hizi za sauti zinazosambazwa kwenye simu, ambazo mwanamume anamteka msichana, anampiga kibao, anamfungia ndani, na mwisho tunaambiwa hayo ndiyo mapenzi. Hizo mimi nazizima. Mwanamke wa ndani yake hata akipiga kelele kurasa mia, si shujaa, maana mwisho anaambiwa ashukuru kupigwa. Kwangu mimi alama ya riwaya nzuri ni moja. Mwanamke akisema hapana, je, mwandishi anamsikia?

Na hapa niseme ukweli, vitabu vyetu vingi vya zamani vilikuwa wepesi kumuadhibu msichana. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni ya ziwani huku huku, Ukerewe. Iliwahi kuzuiwa skuli kwa muda. Rosa analelewa kwa ukali wa baba asiyemruhusu hata kuzungumza na mvulana, na akitoka nje hajui kujilinda. Said Ahmed Mohamed naye katika *Utengano*, mwaka 1980, alimwandika Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi. Vinahuzunisha, lakini nawasihi akina mama na akina baba mvisome. Vinatuonya sisi wazazi kwamba kumfungia mtoto si kumlea. Kisha mpeni binti na vitabu vya wanawake wenzetu. Zainab Alwi Baharoon wa kwetu Zanzibar aliandika *Mungu Hakopeshwi*, kikashinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Dada zetu wanaandika, tununue.

Ama kusikiliza, msione ni jambo jipya. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake kwa ajili ya bintiye mwaka 1858, wanawake wengi waliupata kwa masikio, si kwa macho. Ulisomwa kwa sauti, ukahifadhiwa, mabibi harusi wakafundishwa. Leo hapa Geita nawaona wanawake wanaogonga magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodini, nyundo mkononi, hedifoni sikioni, wanasikiliza simulizi waliyotiliwa kwenye memori kadi. Mikono haina nafasi ya kushika kitabu, lakini masikio yana nafasi. Ukiwa unapika, unanyonyesha, unasukwa nywele, sikiliza. Ukiwa na mama au wifi asiyejua kusoma, msomee wewe. Raha yake ni kubwa kuliko kusoma peke yako, maana mnagombana kuhusu wahusika kama majirani.

Sasa rudini kwa binti wangu. Ijumaa iliyopita baba yake alikuja dukani. Alinisalimia kwa heshima, akakaa, akauliza, "Mama, unamsomea nini mwanangu? Ameniambia anataka kuulizwa."

Moyo ulinienda mbio. Mimi ni mgeni hapa, na huyu ni mzee wa watu. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo tena. Nimemsomea kitabu cha kwetu Unguja. Lakini aliyesema aulizwe siyo mimi wala kitabu." Nikamhadithia habari ya Khansa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama zile nguo zilizokunjwa, akasema, "Mahari nimeshapokea nusu." Nikamjibu kwamba mahari ni haki ya binti, na inarudishika, miaka ya mtoto ikishakwenda hairudishiki. Akasimama akaondoka bila kuniaga.

Jumanne shangazi wa binti alipiga simu. Baba ameomba posa isubiri. Mchumba ataalikwa nyumbani, wazungumze mbele ya wakubwa, kisha binti ataulizwa, akiwa peke yake na shangazi yake, bila wageni na bila pilau.

Sijui atajibu nini. Huenda akamkubali, mtu mwenyewe nasikia ana tabia nzuri. Akimkubali nitamshonea mimi nguo ya nikaha, inshallah. Mimi ninachotaka ni neno lake liwe lake.

Kwa hiyo wewe mwari unayenisoma, na wewe somo unayemfunda, kwenye sanduku la harusi, pamoja na udi na khanga doti, tieni na riwaya moja. Bora zaidi, msisubiri sanduku. Msomee miezi sita kabla, na mkifika pale msichana wa hadithi anapotakiwa kujibu, funga kitabu umuulize na wako, "Ungekuwa wewe?"

Kisha mwache ajibu, usimjibie.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zetu ziwe za ridhaa na rehma. Amin.