Sinema Nyumbani: Mzazi, Keti na Wanao

Jamaa zangu wa pwani hucheka niwaambiapo kwamba naishi Kaloleni na hufanya kazi Likoni, na safari yote naikata kwa miguu. Kaloleni hiyo ni mtaa wa Nairobi, na Likoni hiyo ni barabara ya Industrial Area, isiyo na feri wala upepo wa bahari. Huko nimefunga sabuni kwa miaka kumi na minane, na kwa kazi hiyo nimewalea watoto wanne.

Neno langu leo ni juu ya sinema wanazotazama watoto wetu.

Zamani sinema ilikuwa ni safari. Watu walivaa, wakalipa kiingilio, wakaketi pamoja wakubwa kwa wadogo. Nakumbuka mama na dada zake walivyorudi macho mekundu baada ya kutazama Mother India, filamu ya mwaka 1957. Wiki nzima walibishana: je, mama yule alifanya haki kumpiga risasi mwanawe wa kumzaa? Sisi watoto tulikaa kimya tukisikiliza, na katika ubishi ule tulijifunza mengi.

Leo sinema imo mfukoni, na kila mtu hutazama yake pembeni. Nami nakiri kosa langu. Wiki za zamu ya usiku nilikuwa nikiwapa watoto simu mchana ili nipate usingizi. Siku moja nilimkuta kijana wangu anaificha haraka. Nikafoka. Mama yao akaniambia, "Umeipa simu ikulelee wanao, sasa wagombana na nani?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya sala ya Isha tunaketi sote. Filamu tunazozirudia ni tatu.

Ya kwanza ni Modern Times ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1936. Maneno yake ni machache mno, hata mama mkwe wangu hakuhitaji mkalimani. Chaplin ni kibarua anayekaza nati kwenye mkanda usiosimama. Tajiri anaongeza mwendo. Analetewa mashine ya kumlisha ili wakati wa chakula usipotee, na mwishowe anamezwa na magurudumu. Watoto walicheka hadi wakagaagaa. Kisha binti yangu wa miaka tisa akanigeukia: "Baba, na wewe kazini uko hivi?"

Miaka yote ile sikuwahi kuwaeleza wanangu nifanyalo. Usiku ule niliwaambia habari ya mkanda wetu, na ya nyapara, na ya vidole vyangu viwili vinavyokufa ganzi. Kicheko kilitulia, lakini hakuna aliyetaka kwenda kulala.

Mna kipande cha gerezani ambapo unga wa kulevya unaingia katika chakula cha Chaplin. Sikukiruka. Unga huo twaujua, mitaani kwetu na huko pwani pia. Afadhali mtoto ausikie kutoka kwa baba yake kuliko kwa muuzaji.

Ya pili yatoka Iran: Children of Heaven ya Majid Majidi, mwaka 1997. Kijana Ali anapoteza viatu vya dada yake Zahra, na nyumbani hamna pesa. Basi wanatumia jozi moja: dada asubuhi, kaka mchana, na katikati ni mbio za kupokezana. Ali anaingia mashindano akitaka kuwa wa tatu, maana zawadi ya wa tatu ni viatu. Anakuwa wa kwanza, naye analia! Kijana wangu mkubwa, aliyekuwa akidai viatu vipya kila siku, hakuvitaja tena mwezi mzima.

Ya tatu ni The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Mtume wetu (s.a.w.) haonekani humo wala sauti yake haisikiki. Najua wako masheikh wasioridhia hata masahaba kuigizwa, nami siwabishi. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Lakini Bilali, yule mtumwa aliyeteswa kwa jiwe kifuani, anapopanda juu ya Al-Kaaba kuadhini, nyumba yangu yote hunyamaza.

Wako watakaosema kazi ya kuchagua ni ya serikali. Kweli, Bodi ya Kuainisha Filamu hupanga filamu kwa madaraja. Moja ya madaraja hayo ni PG, maana yake mtoto atazame kwa uongozi wa mzazi. Mzazi mwenyewe akiwa amelala chumbani, daraja hilo lamfaa nani?

Wengine watasema sinema zote ni upuuzi, tuzifunge kabisa. Simu utaifunga nyumbani. Ya mtoto wa jirani utaifungaje?

Ndugu msomaji, sikuambii uzipende filamu nizipendazo mimi. Chagua zako, mradi uweze kuzitazama mbele ya mama mkwe wako pasi na kuinamisha uso. Lakini keti. Cheka wanapocheka, na filamu ikiisha usikimbilie kitanda. Ngoja kidogo, maana swali la mtoto huja taa zikishawashwa.