Pensheni si Sadaka

Msomaji, siku moja utapokea mshahara wako wa kwanza. Huenda ukaupokea dukani Kisumu, au katika kiwanda cha kukata minofu ya mbuta, au katika shule iliyo kando ya Ziwa. Utatazama karatasi ya mshahara na kuona kuwa kiasi fulani kimekatwa kabla hujakigusa. Aghalabu kijana huuliza kwa hasira nani amekula fedha yake. Fedha ile haikuliwa. Ni mshahara wako uliowekwa mbali, uupokee siku ambayo mikono yako haitaweza tena kuuchuma.

Wako wasemao kuwa pensheni ni hisani ya mwajiri au zawadi ya serikali. Huo ni upotovu, na wenye kupata hasara kwa upotovu huo ni wazee. Mwajiri anapopatana na mfanyakazi juu ya bei ya kazi, bei hiyo ina sehemu mbili: ya kulipwa mwisho wa mwezi na ya kulipwa uzeeni. Mfanyakazi akishatoa jasho lake, sehemu zote mbili ni deni. Sadaka huombwa, deni hudaiwa.

Walimu wa Kenya walilidai. Wale waliostaafu tangu mwaka 1997 walikwenda mahakamani Nakuru, wakitaka pensheni yao ihesabiwe kwa mshahara uliokubaliwa mwaka ule. Mwaka 2008 mahakama iliwapa haki. Lakini malipo yalichelewa, na wengine walifariki kabla ya kuyaona. Je, mahakama ingeweza kumlazimisha mtu kutoa sadaka? Haingeweza. Ililazimisha kwa sababu lilikuwa deni.

Sasa twaa kalamu tupige hesabu. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo watu huiita NSSF, iliundwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi, mpaka mwanzo wa mwaka 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi zisizozidi 200 kwa mwezi, na mwajiri aliongeza 200. Shilingi 400 kila mwezi kwa miaka 35 ni shilingi 168,000, ukiacha faida. Mstaafu akiishi miaka 20 zaidi, fungu lake ni shilingi 700 kwa mwezi. Nani awezaye kuishi kwa hizo?

Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikaanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya mabishano marefu mahakamani. Kwa sheria hii mfanyakazi hutoa 6 katika kila 100 ya mshahara wake, mpaka kiwango cha juu kilichowekwa, na mwajiri hutoa kiasi kile kile. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hutoa 1,200, na mwajiri 1,200. Kwa miaka 35 hizo ni shilingi 1,008,000, ukiacha faida. Yaani shilingi 4,200 kwa mwezi katika miaka 20 ya uzee. Si utajiri, na bei za vitu hupanda. Lakini anayelalamikia makato haya analalamikia fungu lake mwenyewe, tena analikataa fungu la pili ambalo mwajiri angelitoa.

Utasikia mtu akijigamba, "Watoto wangu ndio pensheni yangu." Neno hili lina sauti ya upendo, lakini ndani yake mna dhuluma. Mtoto huyo naye atakuwa na kodi ya nyumba, karo na wagonjwa wake. Kumpangia mzigo wako ni kumtoza ushuru kabla hajazaliwa. Wala sisemi mtoto asimtunze mzazi. Nasema mzee mwenye chake hupokea zawadi ya mwanawe kwa furaha, na asiye na chake huipokea kwa unyonge.

Wengine hutegemea serikali. Kweli, mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa, waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni jambo jema. Lakini huo ni msaada, na kipimo cha msaada hukatwa na mtoaji.

Mwingine husema haamini mifuko hii, kwa kuwa fedha hupotea njiani. Hofu hiyo ina sababu. Wapo waajiri wanaokata fedha ya mfanyakazi wasiipeleke. Hao ni wezi, hata wakivaa tai. Lakini dawa ya mwizi si kuacha kulima. Dawa ni kulinda shamba. Hifadhi karatasi zako za mshahara. Kila mwaka itake hesabu yako NSSF, uilinganishe nazo. Ukikuta pengo, mwulize mwajiri. Akinyamaza, nenda kwa chama chako cha wafanyakazi na kwa wasimamizi wa sheria. Na ukibadili kazi, usikimbilie kuchukua akiba hiyo ukanunue pikipiki. Mbegu iliyoliwa haioti.

Na mvuvi wa Dunga je? Na mama wa Obunga akaangaye mgongo wazi, mifupa ya mbuta itokayo viwandani? Hao hawana mwajiri wa kuwatolea fungu la pili, nao huzeeka kama karani. Upo mpango wa NSSF uitwao Haba Haba, ambao mtu aliyejiajiri huweka kidogo kidogo. Ni mwanzo mzuri, lakini mvuvi hujaza kibaba peke yake pale karani ajazapo na mwenzake. Taifa linalokula samaki wake lina wajibu wa kutafuta fungu hilo la pili.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Lakini kivuli hakimngoji mtu. Mti hupandwa mapema. Wewe una miaka 16 au 17 leo. Jifunze kusoma karatasi ya mshahara kama ulivyojifunza kusoma kitabu, na usimruhusu mtu yeyote akuite mwombaji unapodai kilicho chako.