Tusimsifu bibi kwa kumsema mama



Wiki chache zilizopita binamu yangu aliyehamia Marekani alitutumia picha ya sombe. Anasema kule inauzwa kwenye duka la Waafrika, imeshatwangwa na kugandishwa, unapasua pakiti unamwaga kwenye sufuria. Pembeni kulikuwa na bugali, na vichwa vya ndagala vinaonekana ndani ya mawese. Aliandika maneno matatu tu: "Kama ya bibi."

Siku ile simu hazikupumzika. Kila mtu akaanza kukumbuka. Mmoja alitaja lenga-lenga za bibi yake, mwingine mugebuka uliokaushwa kwa moshi, dada mmoja wa Burundi akakumbuka ndizi na maharage ya nyanya yake. Na mimi nikaandika yangu, tena kirefu. Nikamalizia hivi: "Siku hizi hakuna tena anayejua kupika, mama zetu wanatupa njegere tu." Watu wakacheka, wakaweka mioyo mingi. Leo nimerudi kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Lilikuwa uongo, na aliyenionyesha ni mama mwenyewe.

Kwanza niwaeleze bibi yangu. Ni bibi mzaa mama, mtu wa upande wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Alivuka ziwa mwaka 1996 wakati wa vita, mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Mimi nimezaliwa hapahapa kambini, kwa hiyo Fizi naijua kwa masikio. Lakini sombe yake naijua kwa mdomo.

Nyuma ya nyumba alipanda mihogo michache. Asubuhi alichuma majani machanga ya juu, yale laini, akayaosha, akayaweka kwenye kinu. Sisi watoto tulipewa mchi kwa zamu, lakini mikono yetu ilikuwa midogo, tulipiga mara kumi tunachoka. Waliotwanga kweli walikuwa mama na mama wadogo. Halafu sombe inakaa motoni, inakaa tena, mpaka jua linageuka. Ndipo bibi anatia kitunguu, pilipili, ndagala wakavu, na mwisho mawese aliyonunua sokoni kwenye kichupa. Yale mawese mekundu yakianza kunukia, hata watoto wa majirani wanajua leo ni siku gani. Tulikula wote kwenye sahani moja kubwa. Bibi anagawa ndagala kwa kuhesabu, ili mdogo asidhulumiwe.

Bibi amefariki miaka mitatu sasa. Tangu hapo kwetu ni bugali ya mahindi ya mgao na njegere za njano, zile zilizopasuliwa. Maharage yakija, ni maharage. Na mgao wenyewe mnajua jinsi ulivyopunguzwa zaidi ya mara moja miaka hii.

Sasa, siku ile ya picha, mdogo wangu wa kike alichukua simu yangu akawa anasoma ujumbe kwa sauti, anachekesha watu nyumbani. Akasoma mpaka pale kwenye njegere. Mama alikuwa anapembua. Hakukasirika. Aliendelea kupembua, halafu akasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Unawaza miye sijue kupika sombe? Nani alikuwaka anatwangia bibi yako? Bibi yako alikuwa na kuni. Na alikuwa na miye wa kutwanga. Miye niko na nani?"

Nilikaa kimya. Ninyi mngejibu nini?

Baadaye nilianza kuangalia vile mama anapika, kitu ambacho sikuwahi kufanya na nimeishi naye miaka yangu yote. Maharage analoweka tangu jana yake, ili yasikae sana motoni. Jiko lake ni la udongo, amelifinyanga mwenyewe ili moto usipotee pembeni. Juu ya kifuniko anaweka jiwe. Chungu kikichemka vizuri anachomoa ukuni mmoja, anauzima kwenye mchanga, anauweka pembeni kwa ajili ya kesho. Nilimuuliza, ukipika sombe kama ya bibi zinaenda kuni ngapi? Akasema hizo hizo zinatosha kupika njegere siku mbili, labda na uji wa asubuhi.

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Ile sombe haikutoka kwetu kwa sababu mama amesahau au ni mvivu. Imetoka kwa sababu ya kuni. Na kuni, kila anayeishi kambini anajua hiyo habari. Ukiwa mwanamke, kutoka kwenda kutafuta kuni ni kutembea mbali, na huko kuna mambo ambayo dada zetu wengine walikutana nayo na hawapendi kuyasema. Mama akichagua njegere, anachagua pia dada yangu asiende porini mara nyingine. Mimi niliita hiyo kutojua kupika.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana tunapokumbuka chakula cha zamani tunafanya kosa moja kubwa: tunamsifu bibi kwa kumsema mama. Bibi anakuwa malaika, na mama anakuwa yule wa njegere. Lakini bibi alipika na mikono ya watu wengi, wakati miti ilikuwa bado karibu na kambi. Mama amelisha watu saba kwa mgao uliopunguzwa, peke yake, na hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha sahani yake akaandika "kama ya mama".

Tena hata bibi mwenyewe hakusemaga kwamba kwao ilikuwa paradiso. Alitusimulia miezi ya njaa, wakati ndagala hawapatikani na muhogo shambani bado mdogo. Alisema siku hizo walikula bugali na chumvi. Hiyo hadithi sisi hatuiweki kwenye simu.

Wengine watasema: acha watu wakumbuke, hiyo ndiyo furaha iliyobaki. Mimi sikatazi. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake, ukimnyima hata kukumbuka sombe utakuwa umembakizia nini? Ninachosema ni kwamba kukumbuka kwa mdomo tu hakutoshi. Ndani ya vyakula hivyo kuna ujuzi, na sisi wavulana hasa hatuuulizi, tunaona aibu kuonekana jikoni.

Mimi niliamua kujaribu. Nilitoa kidogo kwenye posho yangu ya kujitolea, nikanunua kuni, ndagala na kichupa cha mawese. Jumapili nikakaa kwenye kinu. Vijana waliokuwa wanapita walinicheka sana, mmoja aliniita "mama fulani" na jina hilo linanifuata mpaka leo. Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikatia kwenye sufuria, nikamimina maji, nikafunika vizuri na jiwe juu, kama nilivyoona mama anafanya na maharage.

Mama akatoka mbio: "Funua! Sombe inafunuliwaka kwanza, ile uchungu itoke!"

Nikafunua. Sasa mimi ni mtu wa kujitolea kwenye mambo ya lishe, nimepita kwenye mafunzo, kwa hiyo nilienda kumuuliza muuguzi mmoja kwa nini. Akanieleza kwamba majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunaifungua ile sumu, na kuchemsha bila kufunika kunaifanya itoke na mvuke. Muhogo mchungu ndivyo hivyo, njo maana wazee wanauloweka siku tatu au nne, wanauanika, ndipo wanautwanga unga. Kule Kongo, watu waliokosa muda au maji ya kuloweka vizuri, hasa wakati wa ukame na vita, wamepata ugonjwa unaoitwa konzo, miguu inakakamaa na haiponi tena. Madaktari wameandika habari za ugonjwa huo tangu miaka ya 1930. Mama hajui neno sianidi. Anajua "ile uchungu itoke". Alifundishwa na bibi, na bibi na mama yake. Mimi nilikuwa na cheti cha mafunzo mkononi, na nilikaribia kuwalisha wadogo zangu sombe iliyofungiwa sumu yake.

Hapa nageukia ninyi ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya akina mama na zile picha za rangi: hiki kinajenga mwili, hiki kinalinda. Siku moja nikiwa nimeinua picha ya mboga za majani, mama mmoja mzee aliuliza: "Mwanangu, hiyo inaivaka kwa kuni ngapi?" Watu wote wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikaenda kwenye picha inayofuata. Lile lilikuwa swali la maana kuliko somo langu lote, na nililipita.

Wale akina mama wanajua mboga ina faida. Wanajua mawese ni mazuri kwa mtoto kabla hatujawaambia kwamba yana vitamini A. Wanajua ndagala huliwa mzima na mifupa yake. Kinachowashinda ni moto, na hela ya sokoni. Kwa hiyo naomba: kabla hamjatutuma na picha, tutumeni kwanza na maswali. Mnapikaje, inachukua muda gani, kuni zinatoka wapi, nani anazifuata. Mkipanga habari ya majiko na mbegu za bustani, waiteni hawa wamama wakae mezani tangu mwanzo. Wasiitwe siku ya kupiga picha tu.

Na sisi vijana, kila mmoja achague chakula kimoja tu. Kimoja. Kaa na bibi yako kama bado yupo, au mama, au shangazi, fungua simu umrekodi akieleza mwanzo hadi mwisho. Aongee lugha yake, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, yoyote ile, kwa sababu kuna maneno ya jikoni ambayo Kiswahili chetu hakina. Usiulize tu kinawekwa nini. Uliza alijuaje kwamba kimeiva. Uliza siku za shida alipikaje bila mafuta. Halafu siku moja beba kuni na mchi wewe mwenyewe. Wanafunzi wa Fizi, Uvira, Baraka, Rutana, Ruyigi, wote tumo humu, tukiweka pamoja tutakuwa na kitu cha kuwapa watoto wetu, wawe hapa, wamerudi, au wako Marekani na pakiti ya barafu.

Mnataka kujua sombe yangu ilikuwaje? Haikufanana na ya bibi. Nilitwanga vibaya, nyuzi zilibaki, na chumvi ilizidi. Wadogo zangu walikula kwa sababu kulikuwa na ndagala. Mama alionja, akasema, "Bado inapenda kinu." Maana yake nirudie. Lakini aliongeza mara ya pili, na ile siku ndiyo mara ya kwanza nakumbuka kumuona mama amekaa, anakula, na mtu mwingine ndiye ameshika mwiko.

Picha yake ninayo. Nimeandika chini: "Mama."