Roketi Haiangushi Kitu Kabla ya Kuruka

Tarehe 31 Desemba 2024, mjomba wangu wa Makueni alitutumia video kwenye kundi la familia. Pete kubwa ya chuma imelala kichakani katika kijiji cha Mukuku, watu wameizunguka, kila mmoja ameinua simu. Ilikuwa imeanguka jana yake, mwendo wa saa tisa alasiri. Kufikia usiku tulikuwa na maelezo matatu: ni bomu, ni kipande cha ndege, ni dalili ya siku za mwisho. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Mpwa wangu, wewe uliyesoma, hiki chuma ni cha nani?"

Sikuwa na jibu. Nasomea uzamili wa uanahabari, nimeandika kurasa nyingi kuhusu habari za uongo na jinsi zinavyosambaa, lakini swali la mjomba lilinishinda. Kesho yake Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, likatoa taarifa: pete ina kipenyo cha mita 2.5 hivi, uzito wa kilo 500 hivi, na ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia. Ya nani? Uchunguzi unaendelea.

Hapo ndipo watu walipojijibu wenyewe. Ikaenea habari kwamba pete ni ya India, na kwamba Kenya inaidai India fidia. Hoja ilikuwa moja: India ilirusha roketi siku iyo hiyo, tarehe 30 Desemba. Watu wenye digrii waliisambaza. Mimi pia niliisambaza, na nikamwambia mjomba kwa kujiamini kabisa kwamba chuma ni cha Wahindi. KSA ikalazimika kukanusha.

Siku chache baadaye ndipo nilipotazama saa. Roketi ya India iliruka saa nne usiku kwa saa za India. Kwa saa zetu hiyo ni saa moja na nusu jioni. Pete ilianguka Mukuku saa tisa alasiri. Yaani chuma kilikuwa kimelala kichakani kwa zaidi ya saa nne, na watu wameshakizunguka, kabla roketi tuliyoisingizia haijawashwa.

Nimeona aibu kuandika aya hiyo, lakini sitaki kuibeba peke yangu. Aibu hii ni ya namna sisi sote tunavyopokea na kupeana habari za roketi. Tunazichukua kama fataki. Moto unawaka, watu wanapiga makofi, mtangazaji anasema "yafanikiwa", basi. Iliruka saa ngapi? Kutoka wapi? Ilibeba nini? Vipande vyake vimebaki wapi? Hayo tunaona ni ya kuchosha, tunayakata ili habari iwe fupi. Kumbe hayo ya kuchosha ndiyo habari yenyewe.

Kuna watu walioelewa hili zamani. Mwaka 1989, intaneti ilipokuwa bado mali ya vyuo na maabara, mwanaastronomia Jonathan McDowell alianza kuwatumia watu kwa baruapepe taarifa ya vyombo vinavyorushwa angani. Anaiandika hadi leo. Ukiifungua utadhani ni daftari la duka: tarehe, saa, jina la chombo, aina ya roketi, kituo, kazi yake, namba yake ya kimataifa. Roketi iliyofaulu ina mstari wake, iliyoshindwa ina mstari wake. Hakuna picha ya moto wala bendera. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu yeyote ameweza kuuliza "siku ile nini kiliruka, saa ngapi?" akajibiwa. Wakati sisi tunagombana kuhusu India, mchambuzi mmoja wa Uholanzi alikuwa anapekua orodha za vitu vinavyoizunguka dunia, akataja kipande cha roketi ya Ariane iliyoruka mwaka 2008. Wengine walitilia shaka kama chuma kile kilitoka angani kweli. Wanaweza kubishana hivyo kwa sababu kila mmoja ana orodha mkononi. Sisi tulikuwa na video tu.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nilishalipata. Nilipopendekeza kwenye semina kwamba magazeti na redio zetu ziwe na orodha ya namna hiyo kwa Kiswahili, mwenzangu mmoja alicheka: "Watu hawana maji, wewe unawaletea roketi." Wengi walicheka naye. Kwao mambo ya anga yana wenyewe, nasi tukiyafuatilia tunajitia umbea wa watu wakubwa.

Kwanza, wenyewe ni akina nani? Upande wa baba, kwetu ni Malindi. Marehemu babu alikuwa mvuvi, na alikuwa akitusimulia mwanga uliopanda kutoka baharini upande wa Ngwana. Palikuwa na jukwaa la Waitaliano, San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka kwenye nyota. Waliipa jina Uhuru. Imo kwenye orodha za kimataifa kwa namba 1970-107A, neno letu la Kiswahili likiwa mbele yake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile ya kisayansi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Niliwauliza wanasemina wenzangu kama wamewahi kuisikia. Mmoja alijibu ni jina la bustani.

Pili, maji na roketi havigombei ndoo moja. Aliye kijijini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya orodha hiyo, maana ndiye aliyeangukiwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa hasara kinayosababisha kikianguka ardhini, na anayedai hahitaji kuthibitisha uzembe. Mwaka 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na kinu cha nyuklia, ilisambaratika juu ya kaskazini ya Kanada. Kanada ilidai dola zake milioni 6, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa milioni 3. Kanada ilijua chombo ni cha nani. Haki ile yote inaanzia kwenye swali la mjomba wangu: hiki ni cha nani? Ukikosea jibu, unamdai asiyehusika, naye anayehusika analala usingizi wake.

Wapo pia wanaosema orodha zipo tayari kwa Kiingereza, anayezitaka azisome. Mjomba anasoma Kiingereza vizuri tu. Lakini uvumi wa India haukumfikia kwa Kiingereza. Ulimfikia kwa Kiswahili, ukiwa na sauti ya mpwa wake. Uongo ukishajifunza lugha ya nyumbani, ukweli hauwezi kubaki ugenini ukisubiri kutembelewa.

Hata chombo chetu wenyewe tulikifanyia hivyohivyo. Aprili 2023 tulikesha tukisubiri Taifa-1. Ikaahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, tukalalamika kana kwamba harusi imechelewa. Tarehe 15 iliruka kutoka California kwa roketi ya Falcon 9, tukashangilia, tukafunga simu. Muulize aliyeshangilia leo Taifa-1 ilipita wapi na ilileta picha gani.

Sidai kila mtu awe mtaalamu wa roketi. Nadai mstari mmoja. Mhariri anayetangaza chombo kimeruka aandike saa, kwa saa zetu, na kituo, na namba yake. Chombo kikianguka, arudi aandike hivyohivyo. Nasi tunaosambaza, kabla ya kubonyeza, tutazame huo mstari. Ungetuchukua dakika moja siku ile ya pete.

Tangu Januari ile nina daftari. Kila roketi inayoruka naiandika kwa Kiswahili, kwa saa za Afrika Mashariki, na kila Jumapili namtumia mjomba ukurasa. Mwanzoni alinijibu kwa kidole gumba tu. Wiki iliyopita alinipigia: "Ile ya Jumatano umeandika saa, hujaandika kituo." Nilikuwa nimesahau kweli.